Nilikemea Pepo, Kumbe Ni Waya

Leo sina mahubiri marefu. Nina toba.

Wengi wenu mnalijua lile lori letu la mikutano ya injili, linalobeba jukwaa na spika. Mzee mmoja wa kanisa aliyewahi kufanya biashara ya usafirishaji alitupatia redio koli mbili, moja ya lori na nyingine ya matatu ya kwaya, ili tuwasiliane njiani pale mtandao wa simu unapopotea kandokando ya ziwa. Kazi ya kuzifunga nikampa kijana wetu wa mitambo.

Akaniambia, "Pasta, naomba pesa ya waya mpya utoke moja kwa moja kwa betri. Na pale antena inapokaa patengenezwe vizuri."

Nikamjibu mbele ya wenzake, "Kijana wangu, tumia waya uliopo. Injili haingoji waya." Watu wakacheka, nami nikajiona nimesema neno la imani.

Siku ya kwenda Usenge, redio ya lori ilianza kulia kama mbu. Dereva akikanyaga mafuta, sauti inapanda, akiachilia, inashuka. Niliweka mkono juu ya ile redio nikakemea. Haikunyamaza. Tulipopita Kisian, dereva akabonyeza kitufe aongee na matatu. Mara injini ikatetemeka, taa ikawaka kwenye dashibodi, lori likakosa nguvu katikati ya barabara. Trela lililokuwa nyuma yetu lilikwepa kwa neema tu. Akiachilia kitufe, injini inarudi sawa. Akibonyeza, inakufa nguvu tena.

Jioni ile, mbele ya kwaya nzima, nilisema kuna mtu anafanya kazi ya Mungu kwa mikono michafu. Sikutaja jina, lakini kila mtu aligeuka kumtazama. Kijana alikunja nyaya zake kimya. Jumapili tatu zilizofuata, kiti chake kilikuwa kitupu.

Mpendwa, wiki hiyo ya tatu nilipeleka lori kwa fundi mmoja mzee wa nyaya za magari pale Kibuye. Hakukemea kitu. Alisikiliza kwanza. Akawasha redio injini ikiwa imezimwa: kimya. Akawasha injini: mbu. Kisha akachomoa waya wa antena, akamwonya dereva asiguse kitufe cha kuongea, maana kurusha mawimbi bila antena kunaweza kuunguza redio. Sauti ya mbu ikabaki vilevile.

Akaniambia, "Pasta, kama kelele ingeingia kwa antena, ingeondoka nilipochomoa. Hii inaingia kwa waya wa umeme." Tulikuwa tumeiunganisha redio kwenye waya mmoja na vitu vingine vya ndani ya gari, na kelele ya oltaneta ilikuwa inapita humo. Ndiyo maana ilipanda na kushuka pamoja na injini.

Kisha akapanda juu ya kebini. Antena ilikuwa imefungwa juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme, kwa hiyo antena haikugusana na chuma cha gari. Mawimbi ambayo yangetoka kwenda hewani yalikuwa yanarudi kwa kufuata waya wake, na waya huo ulipitishwa ubavuni mwa nyaya za sensa za injini. Kompyuta ya injini ikawa inapokea habari za uongo na kukata nguvu. Aliweka kipimo cha mawimbi yanayorudi, kikasoma zaidi ya 3. Akakwangua rangi kwa msasa, akafunga waya wa arthi, akausogeza waya wa antena mbali na zile nyaya, akavuta waya mpya kutoka betri wenye fyuzi. Akapima tena: 1.4. Dereva akabonyeza kitufe, akaongea. Injini haikutikisika.

Nikamuuliza bei ya vifaa. Ilikuwa ndogo kuliko pesa ya soda tuliyonunulia wageni Usenge. Na ni vitu vilevile ambavyo kijana aliniomba.

Wapendwa, sisemi maombi ni bure. Mimi ni mtu wa maombi, na nitaendelea kuomba. Lakini nilitumia maombi kufunika kazi niliyokataa kuifanya. Bwana Yesu katika Mathayo 7 anatuambia tushughulike kwanza na boriti iliyo machoni mwetu. Chuo cha Biblia nilifundishwa kuufafanua mstari huo. Pale Kibuye niliufanyia mtihani, nikaanguka.

Mathayo 5 inasema ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako, acha sadaka, kapatane naye kwanza. Jioni hiyo nilikwenda kwao Nyalenda. Mama yake alikuwa anaanika omena uani. Alinipa kiti, lakini hakutabasamu. Nilimwambia mwanawe, "Wewe ulisema kweli. Mimi nilikunyima vifaa, halafu nikakulaumu." Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Pasta, ulisema mbele ya watu." Nilimwelewa. Kosa la hadharani halitubiwi uani.

Jumapili iliyopita nilisimama madhabahuni nikasema haya yote jina kwa jina: kosa ni langu. Alikuwa ameketi mstari wa nyuma, karibu na mlango. Bado hajarudi kwenye mitambo, na sitamsukuma.

Sasa wewe, mpendwa. Kuna kelele gani nyumbani kwako ambayo inapanda kila wewe unapokanyaga mafuta? Ni nani umemwita mkaidi, kumbe alikuomba kitu kidogo ukamcheka? Kabla ya kukemea, chomoa waya mmoja, sikiliza. Ukikuta kelele inatoka upande wako, nenda ukaseme. Na kama ulisema mbele ya watu, rudi mbele ya watu.

Baba, tupe masikio kabla ya kutupa midomo. Katika jina la Yesu, Amina.