Uanagenzi wa Sikio

Katika miji ya pwani, kijana aliyejifunza kazi kwa fundi aliitwa mwanagenzi, na alipohitimu alimpa mwalimu wake kilemba. Mimi nilikuwa mwanagenzi mjini Tabora mwishoni mwa miaka ya 1980, katika kibanda cha kutengeneza redio. Cheti sikupewa. Lakini kila shairi nililolifasiri tangu siku zile nimelifasiri kwa elimu ya kibanda kile, nami napenda kumweleza msomaji wa visiwani elimu hiyo ni ipi.

Kazi ya mwanagenzi ni ya chini kabisa. Nilifagia, nilipangusa vumbi kwa brashi, nilikwangua kwa msasa springi zilizoliwa na maji ya betri. Wateja wetu wengi walikuwa wakulima wa tumbaku wa Urambo na warina asali wa Sikonge. Walileta redio zao zimefungwa kwa kanga kama mtoto mgonjwa, na betri wamekwisha kuzianika juani mara kadha ili zitoe pumzi ya mwisho. Redio ndiyo iliyokuwa gazeti lao na ndiyo diwani yao. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu mwaka 1973, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994.

Kisha nikafundishwa rangi. Rezista ndogo haiandikwi tarakimu, huvishwa pete: nyeusi ni 0, kahawia ni 1, nyekundu ni 2, na kuendelea hadi nyeupe, ambayo ni 9. Nilizikariri kwa kuzitia katika mizani, nane za ukwapi na nane za utao. Huo ndio utungo wangu wa kwanza.

Elimu yenyewe ilikuja baadaye. Redio bubu ikiwekwa mezani, mwanagenzi hutamani kung'oa kiungo na kutia kingine. Mzee alinikataza. "Mwanangu, kwanza sikiliza imekufa wapi." Sauti huingia kwa antena, hupita hatua kwa hatua ikikuzwa, hatimaye hutoka kwenye spika. Yeye alianzia kwenye spika akarudi nyuma, akigusa kila hatua kwa ncha ya bisibisi. Palipo hai huitika kwa mvumo au mkwaruzo. Penye kimya, ugonjwa umo kati ya hapo na hatua ya mwisho iliyoitika. Na mara nyingi tulikuta viungo vyote ni vizima. Kilichokufa ni kiungio tu, tone la risasi lililopata ufa usioonekana kwa jicho.

Tabora ni mji unaofaa kufundishia jambo hilo, kwani wenyewe ulikuwa kiungio. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo ikafika Tabora, na hapo ikagawanyika, tawi moja likielekea Ujiji. Reli haikufika hadi mwaka 1912. Kabla yake sauti ya pwani ilikwenda kwa miguu, mwendo wa miezi mitatu au zaidi, mabegani mwa wapagazi ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Njia ile ilipitisha pembe za ndovu, na ilipitisha binadamu waliotiwa utumwani, hilo halisahauliki. Ilipitisha pia Kiswahili. Na iliweza kukatika. Mwaka 1871 Stanley aliukuta mfuko wa barua za Livingstone, uliotoka Unguja, umekwama hapo Unyanyembe, akaubeba mwenyewe hadi Ujiji. Barua zilikuwa nzima na mwenyewe alikuwa hai; kilichokatika ni kiungio baina yao.

Sasa nije kwenye fasiri. Niliwahi kushika shairi la Kiingereza lenye upepo wa kaskazini, upepo wa theluji na mauti. Kamusi hunipa "kaskazi", na kamusi haisemi uongo. Lakini msomaji wa Unguja akisikia kaskazi huhisi joto la Januari na huona majahazi yakiingia kutoka Arabuni. Kila neno ni zima, na shairi limekufa. Sikuchokonoa maneno mengine. Nilirudi nyuma kutoka kwenye sikio la msomaji, hatua kwa hatua, hadi nikafika penye kimya. Hapo nikauacha upande upepo unakotoka, nikaushika ubaridi wake, na kipupwe kikaitika.

Wapo wanaotucheka watu wa bara kwamba Kiswahili chetu ni cha kuazima. Naam, ni cha kuazima, na ndiyo maana tulijifunza kukisikiliza kabla ya kukigusa. Mwenye nyumba haoni ufa wa ukuta wake. Fundi anayebisha hodi huuona.

Leo vibanda vya Tabora hutengeneza simu zaidi ya redio. Vijana huinama juu ya viungo vidogo kuliko punje ya mtama, na simu nyingi hutupwa kabla hazijasikilizwa. Hata hivyo nimewaona baadhi yao wakiweka bisibisi chini, wakatega sikio kwanza. Hao hawana cheti na pengine hawatakipata. Nikitafutiwa wafasiri wa ushairi wetu, ningeanzia kwao.