Jiko Chumbani

Nilipokuwa nikifundisha jiografia mjini Ifakara, kabla ya kuhamia chuo cha ualimu ambako nilistaafu nikiwa mkuu, somo la makaa ya mawe lilinichukua kipindi kimoja tu. Niliandika ubaoni mahali yanapopatikana, yanavyochimbwa, na faida zake. Mgodi wa Kiwira, uliojengwa kwa msaada wa China, ulikuwa umeanza kazi mwaka 1988, nami nilijivunia kuwa na mfano wa nyumbani. Hatari zake hazikuwamo katika maandalio yangu.

Mmoja wa vijana wale alipanda treni ya TAZARA hapo hapo Ifakara hadi Mbeya, akapata kazi chini ya ardhi. Masika ya mwaka 1991 alirudi likizo, akaja kunisalimu.

Mvua ilikuwa ya kutwa, mto Kilombero umefurika, mbu hawana idadi. Tulikuwa tumefunga madirisha na kuliingiza jiko la mkaa chumbani ili nguo za watoto zikauke. Mama watoto alilalamika kichwa. Mtoto wetu wa pili alikuwa ametapika mara mbili, na sasa amelala usingizi mzito. Kwa mtu wa Ifakara jina la ugonjwa huo halitafutwi: malaria. Nilikuwa nimekwisha kusaga klorokwini.

"Shikamoo, Mwalimu," kijana alisema mlangoni, na kabla sijaitikia akaliona jiko. Hakuvua viatu. Alilishika kwa kanga mbichi, akalitupa mvuani, akafungua madirisha yote, akambeba mtoto hadi barazani. Niliuona huo kuwa utovu wa adabu, na nadhani nilimwambia hivyo.

Mtoto alifumbua macho baada ya muda ambao hadi leo siwezi kuupima.

Ndipo tukaketi, naye akanifundisha. Methani, alisema, hutoka katika makaa yenyewe. Ni nyepesi, hukusanyika juu kwenye paa la njia. Ikifikia sehemu 5 hadi 15 katika 100 za hewa, cheche moja yatosha. Mlipuko huo hutimua vumbi la makaa, nalo huwaka kwa nguvu kuliko gesi iliyoliwasha. Ndiyo maana hunyunyiziwa unga wa chokaa. Lakini aliyoiogopa zaidi ni ile inayobaki baada ya moto, kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mtu huona usingizi tu. Wachimbaji wa Uingereza walishuka na chiriku kizimbani hadi miaka ya 1980, kwa kuwa ndege huyo huanguka kabla ya mtu.

Nikakumbuka Wankie, leo Hwange, nchini Zimbabwe, ambako tarehe 6 Juni 1972 mlipuko uliua watu 427, wengi wao wakabaki huko huko chini. Habari ile ilitokea nikiwa kijana, lakini sikuiweka katika somo.

Nilimuuliza kwa nini basi anarudi mgodini. Akacheka.

"Mwalimu, si wewe uliyetuandikia faida zake ubaoni?"

Mama watoto akatoka, bado ameshika kichwa, akauliza kama mgeni atakunywa chai. Jiko lilikuwa limelala uani, limejaa maji ya mvua. Akajitanda kanga, akaenda kwa jirani kuomba moto.