Nusu Saa ya Mtoto

Ukimwambia mzazi wa Kariakoo alipie mtoto akacheze, atakuona umechanganyikiwa. Shemeji yangu anauza vitenge huko, na alisema wazi: "Nauli, hela ya kliniki, duka limefungwa, halafu naambiwa amecheza tu?"

Mwanawe alikuwa na miaka 6 ghorofa lilipoporomoka Kariakoo, tarehe 16 Novemba 2024. Siku hiyo alikuwa dukani na mama yake, mitaa michache kutoka pale. Hakuumia. Lakini tangu hapo akaanza kukojoa kitandani, hataki kupanda ngazi, na lori likimwaga kokoto anaziba masikio. "Yameisha, mwanangu" haikusaidia kitu.

Ndipo wakaelekezwa kwenye tiba kwa njia ya michezo. Mtu mzima mwenye jambo moyoni hukaa akaeleza. Mtoto hana maneno hayo bado. Ana vidoli, rangi na mchanga. Virginia Axline wa Marekani aliyeandika kitabu kuhusu tiba hii mwaka 1947 alisisitiza kwamba mtoto ndiye anayeongoza, na mtaalamu hamharakishi. Basi mtoto wetu alipanga maboksi, akayaangusha. Akapanga tena, akaangusha tena, wiki baada ya wiki. Shemeji aliona fujo. Mtaalamu aliona mtoto ambaye safari hii yeye ndiye anayeamua jengo lianguke lini.

Shida ilikuwa njiani kurudi. Kwenye daladala mtoto anahojiwa kama shahidi mahakamani: umefundishwa nini, umesema nini, mbona bado unaogopa? Mtoto akijua kila mchezo utahojiwa, atacheza cha kuwafurahisha wakubwa, na tiba inaishia hapo.

Si kwamba mzazi hana kazi. Miaka ya 1960, Bernard na Louise Guerney, nao wa Marekani, walianza kuwafundisha wazazi wenyewe kuendesha vipindi vya kucheza na watoto wao. Dada alipewa utaratibu wa aina hiyo: nusu saa kila wiki, siku ileile, simu mbali. Mtoto anachagua mchezo. Mama hafundishi wala hakosoi, anasema tu anachokiona: "Limekuwa refu. Limeanguka." Mipaka ipo, kumpiga mtu hapana. Zaidi ya hapo, asikatishe kliniki kwa sababu ya msimu wa biashara, amweleze mtaalamu mabadiliko ya usingizi, chakula na shule, na asishtuke mtoto akionekana mkorofi zaidi kwa muda.

Matokeo? Ngazi bado anazigomea. Ila juzi alijenga maboksi, akaweka mlango, akaomba lisibomolewe mpaka kesho.

Sasa, nusu saa ya mfanyabiashara si kitu kidogo, na hapo ndipo sisi wanachuo tunapoingia. Alhamisi nikitoka kipindini huku Kivukoni, natembea hadi Kariakoo kushika duka ili dada awahi nyumbani. Wengi wetu tunaishi kwa kaka na dada zetu, na nyumbani tunaonekana ndio wasomi. Huna haja ya kusomea saikolojia. Mwondolee mzazi kazi moja, na mtoto akirudi kliniki, usimuulize chochote. Mpe maji, mkaribishe, na akitaka kusema, msikilize.