Storm ni Mkenya, Lakini Kumnunua Siwezi

Wasee, leo wacha niseme kitu ambacho kimenikaa rohoni muda mrefu. Na kabla hujanirushia mawe, soma mpaka mwisho, kwa sababu jiwe la mwisho nitajirushia mwenyewe.

Komiki yangu ya kwanza niliinunua kwa inama, pale karibu na Tom Mboya, nikiwa kidato cha pili. Shilingi hamsini. Jalada la nyuma halikuwepo, na kuna mtu alikuwa amemchorea Wolverine masharubu kwa biro. Lakini ndani kulikuwa na huyu mwanamke mweusi, nywele nyeupe, anaita radi kama mathe anayekuita kutoka dukani. Nikauliza, nikaambiwa: huyo ni Storm, jina lake Ororo, na mamake ni Mkenya. Maze! Nilitembea mpaka steji nikiwa nimetoa kifua, utadhani ni shangazi yangu.

Baadaye nikatafuta alipoanzia. Ni Giant-Size X-Men namba 1, mwaka wa 1975. Profesa X anamkuta hapa Kenya, wanakijiji wamempigia magoti wakimwomba mvua kama mungu. Sasa, mwaka huo KICC ilikuwa tayari imesimama katikati ya Nairobi, watu wanaenda kazini na tai. Na mamake baadaye alipewa jina N'Daré. Nimeishi hosteli na watu wa karibu kila kabila nchi hii. N'Daré sijawahi kukutana naye.

Lakini sisemi eti mzungu hawezi kutuandika. Black Panther alitungwa mwaka wa 1966 na Stan Lee na Jack Kirby, wazungu wawili wa New York, na wakampa Mwafrika nchi yenye teknolojia ya kushinda dunia nzima. Hapo heshima. Shida yangu ni nyingine: wakati watu weusi wenyewe wanapopewa kalamu, wanapewa muda gani?

Chukua World of Wakanda. Ilianza mwishoni mwa 2016, mwandishi mkuu akiwa Roxane Gay, mwanamke mweusi, na kati ya wahusika wakuu kulikuwa na wanawake wawili wa Dora Milaje wanaopendana. Ikakatwa baada ya matoleo sita. Mwaka huo huo wa 2017, mkubwa mmoja wa mauzo pale Marvel aliambia waandishi wa habari kwamba maduka yanasema wateja wamechoka na hii mambo ya wahusika wa kila rangi na wanawake. Halafu 2018 ikafika. Filamu ya Black Panther, Lupita wetu akiwa ndani, ikapita dola bilioni moja. Na ile World of Wakanda iliyokatwa ikashinda tuzo ya Eisner. Sasa nani alikuwa amechoka?

Nilikasirika mwaka mzima, mpaka nikaelewa vile hiyo biashara inafanya kazi. Kule Marekani komiki haiuzwi kama mkate. Mwenye duka anaagiza miezi kadhaa kabla, na kwa kawaida zikimlalia hawezi kuzirudisha. Kwa hivyo anaagiza kile mteja wake wa miaka ishirini atanunua. Hizo oda ndizo kura. Mhusika mpya anahukumiwa kabla hata watu hawajamsoma, na wapiga kura ni wale walio karibu na duka na wana pesa mfukoni.

Na hapo ndipo mimi na wewe tunatoka kwenye picha. Toleo moja la kawaida siku hizi ni dola 3.99. Weka dola kwa shilingi 130, hiyo ni kama 520, na bado hujalipa usafiri. Kurasa ishirini hivi za hadithi. Unamaliza kabla matatu haijatoka Allsops, na hadithi yenyewe inaendelea mwezi ujao. Komiki ya kwanza ya Superman, mwaka wa 1938, ilikuwa senti kumi za Marekani. Ilikuwa kitu cha mtoto kununua na chenji ya dukani. Leo ni kitu cha mtu mwenye kazi.

Sisi tunawapenda hawa mashujaa mpaka tunawachora kwa nganya. Lakini kwa hesabu ya oda, Nairobi ni sifuri. Kwa hivyo tulifanya nini? Tulisoma za wizi. Mimi pia. Nilikuwa na simu imejaa komiki, na nilikuwa na jibu tayari: hao hawatuhesabu, sasa kwa nini niwalipe?

Hilo jibu lilinitosha mpaka lilipomgusa mtu ninayemjua.

Nina rafiki tuliyeingia naye chuo, kabla karo inishinde nitoke mwaka wa pili. Anachora kuliko mtu yeyote nimewahi kuona. Alitengeneza komiki yake ya kwanza: makanga wa kike wa ruti ya Dandora, ambaye abiria akimpa nauli tu, anasikia chenye huyo abiria anawaza. Kiswahili na Sheng, jina la kila mtu unalijua. Hakuna kijiji kinapiga magoti. Alichapisha nakala mia moja River Road kwa pesa ya kusuka watu nywele, kila nakala ikamgharimu 230. Akauza 350.

Nikamwambia, "Mia tatu hamsini? Si hiyo ni bei ya chipo kuku!"

Akaniangalia. "Na chipo kuku huwa unaomba bure?"

Tulicheka. Akanipa faili nisome kwa simu, kama rafiki. Usiku huo nikaiweka kwa grupu ya wasee wa komiki, na nikaandika "talanta ya mtaa, supoti." Watu walipakua, wakaweka mioto na makofi. Nilidhani nimemsaidia. Aliuza nakala thelathini na moja.

Labda tulizoeshwa. Nikiwa shule ya msingi tulikuwa tunagawana Shujaaz, ilikuwa inakuja bure ndani ya gazeti, kwa Sheng, na tuliipenda sana. Lakini ile bure ililipwa na wafadhili na mashirika yenye ujumbe wa kupitisha. Rafiki yangu hana mfadhili. Ana mathe na kitanda, na chini ya kitanda kuna nakala sitini na tisa.

Nilienda nikanunua kumi kwa bei kamili. Nikamwomba msamaha. Alichukua pesa, akasema ni sawa, lakini siku hizi anachora kadi za harusi, na toleo la pili hajalianza.

Kwa hivyo nikisema Marekani haituhesabu, bado nasema. Lakini nilipopata nafasi ya kupiga kura yangu hapa nyumbani, nami nilimhesabu sifuri.

Toleo la kwanza linaishia jioni, gari limejaa, makanga amepokea nauli ya jamaa wa kiti cha nyuma na uso wake umebadilika. Amesikia kitu. Ukurasa unaisha hapo. Nimemuuliza mara mbili ni nini alisikia. Anasema nitanunua nikitaka kujua.