Wageni Kwanza, Mwenyeji Mwisho

Abiria wengi wanaijua Segera kwa dakika kumi za kuchimba dawa na kununua machungwa. Ni njia panda: barabara ya kutoka Chalinze inagawanyika hapo, moja inakwenda Korogwe, Moshi na Arusha, nyingine inakwenda Hale, Muheza na Tanga mjini. Mimi nilikaa wiki nane. Nilipangiwa huko mazoezi ya kufundisha, Hisabati na TEHAMA, na kama mnavyojua, bumu liliisha kabla wiki ya tatu haijaingia. Shule siitaji jina. Ninachotaka kuwaandikia ni kitu ambacho sikukisoma kwenye kozi yoyote hapa chuoni: namna ya kuzima mashine.

Ofisi ya taaluma ilikuwa na seva moja, imewekwa juu ya meza ya mninga, karibu na dirisha la barabarani. Kwa macho ni kompyuta moja kubwa yenye kelele. Kwa kazi zilikuwa kompyuta nne. Programu maalumu inakigawa chuma kimoja kuwa mashine pepe kadhaa, kila moja na mfumo wake endeshi, kumbukumbu yake na diski yake. Wazo lenyewe si geni, IBM walitoa mfumo wa VM/370 mwaka 1972. Leo utakutana na VMware, Hyper-V au Proxmox. Ile seva ya chuma wanaiita mwenyeji, na mashine pepe zilizomo ndani wanaziita wageni.

Pale shuleni wageni walikuwa wanne. Mmoja alitunza hifadhidata ya alama. Wa pili aliendesha programu ambayo walimu huingizia alama hizo. Wa tatu alibeba video na mitihani ya nyuma kwa ajili ya maabara. Wa nne alishika majina na nywila za watumiaji wote. Kwa hiyo anayegusa swichi ya ukutani hazimi kompyuta moja, anafunga ofisi nne kwa pigo moja.

Mwezi huo seva ilianza kujizima yenyewe mchana. Fundi akaja kutoka Tanga na kumbukumbu mpya, betri ya saa ya ndani na blowa ya kutolea vumbi. Ilikuwa Jumamosi. Alama za moku ya kidato cha nne zilikuwa zinamaliziwa kuingizwa, na Jumatatu kulikuwa na kikao cha wazazi. Mwalimu mmoja mwenye haraka akasema, "Fundi, si uchomoe tu hapo ukutani tuendelee?" Fundi, mtu mzima wa kumwamkia, akajibu bila kugeuka, "Mwalimu, humo ndani bado kuna watu."

Mimi sikucheka. Nikiwa kidato cha tatu, kwenye shule niliyosoma, umeme ulikatika wakati alama za muhula zinaingizwa, na faili halikufunguka tena. Tukaambiwa kila mtu alete karatasi zake za mitihani. Za rafiki yangu zilishafungiwa vitumbua sokoni. Alikuwa na 81 ya Fizikia, akapewa wastani wa darasa, na wastani wa darasa letu wa Fizikia bora nisiuandike hapa. Mpaka leo akikumbuka anakasirika, na ana haki.

Sababu ni hii. Kompyuta haiandiki kila kitu kwenye diski papo hapo. Hushika kwanza kwenye kumbukumbu, halafu huandika kwa mafungu. Umeme ukikatika katikati, kazi inabaki nusu. Mifumo mingi ya kisasa ina daftari la matukio linaloisaidia kujirekebisha, na mara nyingi inafanikiwa. Ila mara nyingi si kila mara. Kwenye seva ya namna ile unacheza bahati nasibu mara tano kwa pigo moja: wageni wanne pamoja na mwenyeji wao.

Fundi hakuanza na bisibisi, alianza na karatasi. "Madam, kaa hapa uandike," akaniambia. Nikaandika.

Kwanza, watu. Tangazo lilikuwa limetumwa kwenye kundi la WhatsApp la walimu tangu Ijumaa: saa nne asubuhi mfumo utazimwa, hifadhi kazi yako. Hata hivyo tulikagua nani bado yumo. Mwalimu wa Baiolojia alikuwa amebakiza wanafunzi 11. Tukamsubiri.

Pili, nakala. Tulinakili wageni wote kwenye diski ya nje, kisha fundi akafungua nakala ya hifadhidata kwenye laptopu yangu na kuniambia nitafute alama za mwanafunzi yeyote niziandike pembeni. Akanionya kwamba ile picha ya hali ya mashine inayopigwa ndani ya seva yenyewe haihesabiki kuwa nakala. Diski ikifa, vinakufa vyote.

Tatu, mpangilio. Anayemtegemea mwenzake huondoka kwanza. Programu ya alama inaitegemea hifadhidata, basi ilizimwa kabla yake. Zikafuata video. Mwenye majina na nywila akawa wa mwisho, kwa kuwa wote humuuliza yeye. Kwenye skrini kuna vitufe viwili vinavyofanana: kimoja kinamwomba mgeni ajizime mwenyewe kwa utaratibu, kingine kinamkatia umeme. "Hicho cha pili," fundi akasema, "ni kuchomoa waya bila kuinama." Mgeni wa video alichukua dakika nne kwa sababu alikuwa anamalizia masasisho. Hatukumgusa.

Nne, tuliondoa mpangilio wa wageni kujiwasha wenyewe, ili seva itakapowashwa kwa majaribio wasiamke juu ya kumbukumbu ambayo haijapimwa. Hapo ndipo mwenyeji mwenyewe akazimwa. Feni ziliponyamaza, nyaya zote mbili za umeme zikachomolewa, kitufe cha kuwashia kikabonyezwa kumaliza chaji iliyobaki, na fundi akagusa chuma cha boksi kutoa umeme tuli wa mwilini kabla ya kushika kumbukumbu.

Wenye seva nyingi wana njia nyingine. Wanawahamishia wageni kwenye seva ya pili huku wakiendelea na kazi, kama basi likiharibika Segera na abiria wakapandishwa la nyuma yake. Sisi tulikuwa na basi moja.

Kazi ya bisibisi na vumbi ilikula dakika 20. Tulipowasha, seva iliamka peke yake kwanza. Tukapima kumbukumbu, tukarekebisha saa, maana betri ilipotolewa tarehe ilirudi ya kiwandani, na wageni wakiamka na mwaka wa uongo nywila zinaweza kukataliwa na alama kupigwa tarehe isiyo yake. Kisha wageni wakaamshwa kwa mpangilio wa kinyume: majina, video, hifadhidata, programu. Nikatafuta yule mwanafunzi niliyemwandika pembeni. Alama zake zilikuwa zilezile. Kwa jumla tulitumia saa mbili na nusu.

Msidhani haya ni mambo ya kompyuta tu. Jirani pale Hale kuna kituo cha umeme wa maji cha megawati 21 kilichoanza mwaka 1964, na chini yake kwenye mto huohuo wa Pangani kuna New Pangani Falls ya megawati 68, ya mwaka 1995. Mtambo wa maji nao unapozimwa kwa matengenezo hupunguziwa mzigo kwanza, ndipo hutenganishwa na gridi, na maji yakafungwa. Ukiuondolea mzigo wote ghafla huku maji bado yanausukuma, unazunguka kupita kiasi. Mwenye kujua kazi huonekana anapoisimamisha.

Sisi wa Ualimu tunapewa maksi nyingi kwa namna tunavyoanza somo, na hitimisho tunaliachia kengele. Shuleni ni hivyohivyo: kila mtu anajua seva iliwashwa siku gani na nani alikuwa mgeni rasmi, lakini hakuna aliyeandika inazimwaje. Kabla sijaondoka nilinakili ile karatasi kwa mwandiko mzuri, nikaibandika ukutani juu ya meza.

Ukipangiwa shule mwaka huu, utakabidhiwa kompyuta zao kwa sababu tu wewe ni kijana. Siku ya kwanza ulizia karatasi ya kuzimia. Kama haipo, tafuta anayejua, kaa chini, uandike anachokwambia.