Tumbawe na Mkondo Wake

Samaki akikosa hewa mahali, huhama. Tumbawe haliwezi. Ni mnyama aliyejijengea nyumba ya chokaa asiyoweza kuitoka, na kila alitakalo sharti aletewe na maji: oksijeni, chembe za chakula, hata kuondoshewa uchafu wake.

Anayefuga matumbawe nyumbani, ndani ya hodhi la kioo, aghalabu huanza kwa kuhangaikia taa na chumvi. Taa huonekana, chumvi hupimika. Mkondo hukumbukwa mwisho, na hununuliwa pampu moja yenye nguvu ikaelekezwa upande mmoja. Hapo ndipo ubaya unapoanza. Mkondo usiobadilika hulipiga tumbawe pale pale usiku na mchana hadi nyama ikabanduka na chokaa ikabaki tupu. Na huku nyuma ya mawe maji yamelala, taka zimejaa, utando mwekundu umetanda juu ya mchanga. Wavuvi wa pwani, ambao lugha yao haichanganyi bamvua na maji mafu wala mkondo na wimbi, wasingeona ajabu.

Wafugaji wana hesabu yao. Hodhi la lita 200 lenye pampu ya lita 4,000 kwa saa, maji yake huzungushwa mara 20. Kiasi hicho kwa kawaida hutosha matumbawe laini; yale ya matawi, jamii ya Acropora, wengi huyapa mara 40 au zaidi. Ni hesabu ya kuanzia tu, kwani haisemi maji yapita wapi wala yapita vipi. Pampu ya tundu jembamba hutoa mchirizi mkali. Ya mapanga mapana husukuma maji kiasi kile kile kwa upole.

Juu ya ngozi ya kila tumbawe pana tabaka jembamba la maji yaliyokwama, na kazi ya mkondo ni kulipunguza unene. Mchana, mwani uishio ndani ya nyama hutoa oksijeni hadi ikazidi, na isipoondoshwa huuzuia mwani wenyewe kufanya kazi. Usiku tumbawe lile lile huitafuta. Mwaka 2001 Nakamura na van Woesik walieleza jaribio lao la Okinawa: katika joto lile lile, matumbawe yaliyowekwa penye mkondo mkali yalinusurika, na ya penye mkondo hafifu yalipauka na mengi yakafa. Mnyama huyu hakuomba kutolewa baharini. Aliyemtoa, au aliyemnunua kwa aliyemtoa, ana deni hilo kwake.

Basi kipimo kilicho bora ni minyiri yake. Ikiyumba na kurudi, mkondo wafaa. Ikilala upande mmoja, umezidi. Isipotikisika kabisa, maji yamekufa. Pampu mbili zinazotazamana na kupokezana kwa saa hushinda moja kubwa, maana hukutanisha maji katikati yakavurugika, kama yanavyovurugika juu ya mwamba. Acropora huwekwa juu, penye vurugu hiyo; Euphyllia, mwenye minyiri mirefu, huwekwa kando, asije akararuka kwenye kingo za chokaa yake mwenyewe.

Na matawi hukua. Yakisongamana hujizibia njia ya maji, hata pampu zilizotosha mwaka wa kwanza hazifiki ndani mwaka wa tatu, nalo tumbawe huanza kufa katikati, mahali ambapo jicho halipaoni upesi.