Bingwa wa Dakika Mbili Kasoro



Jumapili moja baada ya Misa ya pili, nilipokuwa nikifunga madirisha ya ofisi ya parokia, nilisikia kelele chini ya mwembe. Vijana sita au saba wameizunguka simu moja, wengine wamepanda juu ya mizizi wapate kuona. Nilidhani ni mpira. Kumbe ni mieleka ya Marekani, tena ya zamani, picha zenyewe zimefifia. Mmoja akaniita: "Shikamoo, karani. Njoo utuamulie. Huyu anasema lile jitu lilikuwa bingwa wa dunia kwa dakika mbili tu. Mimi nasema mtu hawezi kuandikwa bingwa kwa dakika mbili."

Nikaitikia marahaba, nikainama kutazama. Neno lile "kuandikwa" ndilo lililonishika, maana kuandika ndiyo kazi inayonilisha. Nikawaomba waianze picha ile upya, na tangu siku hiyo nimeifuatia habari ya mtu yule mpaka nikaijua. Leo nawasimulia ninyi mlio nyumbani, kwa kuwa najua watoto wenu huitazama mieleka hii, ninyi nanyi hamjui kama mwakataze au mwache.

Jina lake ni André René Roussimoff. Alizaliwa tarehe 19 Mei 1946 huko Coulommiers, mji ulio mashariki ya Paris katika nchi ya Ufaransa, akakulia Molien, kijiji kidogo cha wakulima. Baba yake, Boris, alikuwa mtu wa asili ya Bulgaria, na mama yake wa asili ya Poland. Aliacha shule mapema akashika kazi za shamba, kama watoto wengi tuwajuao. Lakini mwili wake haukukubali kusimama. Wenzake walipoacha kurefuka, yeye aliendelea.

Hiyo haikuwa baraka ya nguvu tu, ilikuwa ugonjwa. Ndani ya kichwa, chini ya ubongo, kuna tezi ndogo kama punje ya njegere, nayo ndiyo iuamuruyo mwili ukue. Uvimbe ukiota katika tezi hiyo, amri haikomi. Ukianza utotoni, mifupa hurefuka kupita kiasi. Mtu akiisha kuwa mzima mifupa hairefuki tena, bali hunenepa: taya, paji la uso, vidole, nyayo. Moyo nao hutanuka, na viungo huuma. Siku hizi madaktari waweza kuutoa uvimbe ule au kuuzuia kwa dawa, na heri mtoto aliyegunduliwa mapema. Mzazi uonaye mwanao anawapita wenzake kwa namna isiyo ya kawaida, mpeleke hospitali, wala usingoje majirani waseme karogwa. André hakutibiwa. Aliishi na ugonjwa ule, na ugonjwa ule ukampa chakula.

Akiwa bado kijana alikwenda Paris. Mchana alibeba samani za watu wanaohama nyumba, usiku akajifunza mieleka. Kutoka huko akaenda Japani, akaenda Kanada, na mwaka 1973 akaingia katika kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani, ambayo baadaye iliitwa WWF na siku hizi huitwa WWE. Wakamtangaza kuwa ni André the Giant, yaani Jitu, mwenye urefu wa futi 7 na inchi 4 na uzito wa ratili 520. Hesabu za watangazaji si lazima tuziamini zote, lakini ratili 520 ni zaidi ya magunia mawili ya mahindi.

Hapa sina budi kusema wazi jambo ambalo wazee wetu husema kwa dharau, nalo ni kweli. Mieleka hii si kama ile ya vijana wetu wakati wa mavuno, ambapo mwenye nguvu humwangusha mnyonge na mambo yakaisha. Hii ni mchezo wa kuigiza. Mshindi amekwisha pangwa kabla hawajapanda ulingoni. Kampuni yenyewe ilikiri hivyo mwaka 1989 mbele ya baraza la serikali ya jimbo la New Jersey, ili isitozwe na kusimamiwa kama mchezo wa mashindano. Kwa hiyo mtoto akikuambia kwamba fulani ni hodari kuliko fulani, mweleze bila kumcheka kwamba hodari ni yule aliyeamuliwa na tajiri. Lakini kuanguka ni kuanguka. Mbao za ulingo hazijui kwamba ni maigizo, wala uti wa mgongo haujui.

Sasa, jambo la ajabu ni hili. Kwa zaidi ya miaka kumi huyo André alikuwa mpiga mieleka aliyejulikana kuliko karibu wote, na mkanda wa ubingwa wa kampuni ile hakupewa. Mimi nadhani sababu ni nyepesi. Watu walikuja kumtazama yeye, si mkanda. Tena ukimvika jitu mkanda, nani atasadiki kwamba yuko mtu wa kumvua? Basi wakampeleka huku na huku, mji baada ya mji, asikae mahali pamoja mpaka macho yakamzoea. Vyumba vya hoteli, vitanda vifupi, viti vya ndege visivyomtosha. Mtu aliyetazamwa na wote na asiyeweza kujificha popote.

Mkanda alikuwa nao Hulk Hogan, yule mwenye nywele za manjano na masharubu, tangu tarehe 23 Januari 1984. Mwaka 1987, tarehe 29 Machi, wakapambanishwa katika uwanja wa Pontiac, jimbo la Michigan. Walitangaza watu 93,173. Wako wanaobisha hesabu hiyo, nami niliyewahi kuhesabu watu wa Misa ya Pasaka najua jinsi namba inavyoweza kunenepa njiani. Walitangaza pia kwamba jitu halijapata kushindwa kwa miaka 15, na hilo halikuwa kweli kabisa. Hogan akamwinua juu, akambwaga chini, akashinda. Wengi hawakujua kwamba André alikuwa amepasuliwa mgongo muda si mrefu kabla ya hapo, na kwamba chini ya vazi lake alikuwa amefungwa mshipi wa kuutegemeza. Mtu wa namna ile hawezi kuinuliwa asipokubali mwenyewe kuinuliwa. Alikubali, na kwa mgongo ule.

Ndipo ukaja usiku ambao vijana wangu waligombania. Ijumaa tarehe 5 Februari 1988, mjini Indianapolis, walirudiana. Televisheni ilionyesha pambano papo hapo, na yasemekana watu milioni 33 walitazama. Katika hadithi waliyotunga, tajiri mmoja wa mchezo, Ted DiBiase, aliutaka mkanda, na kwa kuwa hakuweza kuupata kwa nguvu aliazimia kuununua. Jitu likakubali kumpigania. Kwa dakika kadhaa walisukumana. André akamwangusha Hogan, akamlalia kifuani. Sheria yataka mabega yote mawili yaguse sakafu mpaka mwamuzi apige sakafu kwa kiganja mara tatu. Bega la Hogan likainuka, kila mtu akaliona. Mwamuzi hakuliona, au hakutaka kuliona, akapiga ya pili, akapiga ya tatu. Bingwa mpya.

Wakamvika mkanda. Akaulizwa neno mbele ya kipaza sauti, na masikini wa Mungu, hata jina la ubingwa alioupata alilikosea, akautaja ule wa watu wawili wawili. Halafu palepale akasema anamkabidhi DiBiase. Akauvua. Waliohesabu wameandika dakika 1 na sekunde 48. Baba Yetu na Salamu Maria chache, basi.

Wakati huohuo akatokea mwamuzi wa pili, sura yake na ya yule wa kwanza ni moja, nguo moja, mpaka watazamaji wakadhani macho yao yamewageuka. Hadithi ilidai kwamba tajiri alimlipa mtu afanyiziwe sura ya mwamuzi. Kweli yenyewe ni rahisi na yanipendeza zaidi: walikuwa ndugu pacha, Dave na Earl Hebner.

Nikifika hapo kijana wangu wa chini ya mwembe alipiga makofi. "Umeona, karani? Ni wizi. Hawezi kuandikwa."

Lakini aliandikwa. Siku chache baadaye rais wa kampuni katika mchezo ule alitangaza kwamba ubingwa hauuzwi wala hautolewi zawadi, kwa hiyo DiBiase si bingwa, na kwa kuwa André ameuacha kwa hiari yake, Hogan naye harudishiwi. Mkanda ukabaki bila mwenyewe mpaka tarehe 27 Machi, ambapo Randy Savage aliushinda huko Atlantic City. Sasa ufungue orodha ya mabingwa wa kampuni ile. DiBiase, aliyezunguka na mkanda kiunoni kwa siku kadhaa na kupigana kama bingwa, hayumo. André, aliyekuwa nao kwa muda usiotosha kuchemsha chai, yumo, kati ya Hogan aliyekaa nao miaka minne na Savage. Mstari mmoja kwa kila mtu, na mistari yote ina upana mmoja.

Niwaambie kwa nini jambo hilo lilinigusa, ingawa ni aibu yangu. Katika mwaka wangu wa kwanza ofisini, katekista wa kigango cha mbali aliniletea kipande cha karatasi. Mtoto alizaliwa usiku, hali yake mbaya, mkunga akambatiza kwa maji ya kikombe kama sheria iruhusuvyo penye hatari ya kufa. Kabla ya mapambazuko mtoto akafa. Karatasi ilikuwa na jina la mtoto, jina la wazazi, tarehe. Nikaitia katika mtoto wa meza. Nilijiambia nitaandika baadaye. Kusema kweli, nilifikiri: cheti cha ubatizo kitamfaa nini sasa? Hatakuja kukidai kwa Kipaimara wala kwa ndoa. Vitabu ni ghali, na mstari ni mstari.

Mwaka haujaisha, mama yake akaja kwa miguu. Hakuja kudai cheti. Aliniamkia, akakaa ukingoni mwa benchi na kuniuliza kama jina la mwanawe limo kitabuni. Nikafungua kitabu mbele yake kana kwamba natafuta, na huku najua. Nilipata joto mpaka masikioni. Baadaye Padre alinionyesha kanuni ya 878 ya sheria za Kanisa, kwamba aliyembatiza mtu pasipo paroko kuwapo hana budi kumpasha habari paroko, ili ubatizo ule uandikwe. Haisemi ulidumu muda gani baada yake. Siku ile sikuwa na kanuni, nilikuwa na mtoto wa meza tu. Nikaufungua, nikaitoa karatasi, nikaandika yeye akiwa ameketi pale: jina, wazazi, mkunga, tarehe ya kubatizwa, na pembeni tarehe ya kufa, ileile. Akaomba aone. Akauweka ukucha wake chini ya jina, akaupitisha polepole mpaka mwisho wa mstari, akashukuru, akaondoka. Alikuwa na safari ya saa tatu.

Basi nilipowaambia vijana kwamba mtu aweza kuandikwa, sikuwa nikisema habari ya mieleka peke yake. Hilo sikuwaambia. Ninyi ndio wa kwanza.

Wakaniuliza jitu lile liliishia wapi. Aliendelea ulingoni miaka michache, kila mwaka mzito zaidi wa kutembea. Watu wengine walimpenda kwa filamu moja ya mwaka 1987, The Princess Bride, alikoigiza jitu jema. Katika filamu hiyo yampasa kumdaka msichana mikononi, na mgongo ulivyokuwa hakuweza, ikabidi msichana ashikizwe kwa nyaya. Januari 1993 baba yake alifariki. André alirudi Ufaransa kumzika, akakaa siku chache karibu na mama yake, na mwisho wa mwezi uleule moyo wake ukasimama akiwa amelala katika hoteli mjini Paris. Alikuwa na umri wa miaka 46. Mwili ulichomwa na majivu yakatawanywa katika shamba lake huko Ellerbe, North Carolina, jambo ambalo sisi Wakatoliki hatufanyi, kwa kuwa Kanisa lataka majivu ya marehemu yahifadhiwe mahali patakatifu. Mwaka uleule kampuni ilianzisha nyumba yake ya heshima, na jina la kwanza kuingizwa lilikuwa lake.

Chini ya mwembe wakakaa kimya kidogo. Halafu yule mbishi akairudisha picha nyuma, kabla ya mkanda, kabla ya mwamuzi. Nikamwambia aache kumtazama Hogan, amtazame jitu, mkono wake. Akaisogeza simu karibu na macho.

"Ameshika kamba," akasema. "Kila mara anashika kamba."